Nilimwambia Naja

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Na wenzetu wa salamu nyingine, hamjambo. Mwenyekiti ameniletea kiti, namshukuru, lakini nitasimama. Maneno ya kukaa ni ya kahawani, na mie kahawani hapa Kibiti nimezungumza miaka mingi bila kusema kitu.

Mnanijua. Wengine mnaniita Rubani, wengine Afande, na wapo humu walioniita majina mengine nilipokuwa nalala mtaroni. Nimewasamehe, ila wawili bado nawafikiria. Tumekubaliana katika mkutano wetu huu wa askari wastaafu na wafiwa kwamba hatutaji majina ya watu, wawe hai au wametangulia. Nitafuata. Nitasema mwenzangu, nitasema mama yake. Inatosha.

Vita ile hakuna asiyeijua humu ndani, wengine mmeacha viungo huko. Mimi nilikuwa rubani wa helikopta. Tulikuwa wachache na ndege zenyewe chache, na kazi yetu kubwa ilikuwa kubeba. Unapeleka risasi na chakula, unarudi na majeruhi. Watu wakisikia rubani wa vita wanafikiri ni mtu wa mabomu. Mie nilikuwa mvushaji tu, kama wale wa mitumbwi pale mtoni, ila nilivushia hewani na kule ng'ambo kuna watu wanakupiga risasi.

Siku hiyo ilikuwa asubuhi, mvua imetoka kukatika. Tuliitwa kwenye redio kwamba kuna majeruhi kumi wamekwama kwenye shamba la migomba chini ya kilima, na adui yuko juu ya kilima. Wenzangu wawili walishajaribu kutua wakashindwa. Mimi nilitua. Sijisifu, nawaambia ilivyokuwa. Risasi zilikuwa zinagonga ubavuni mwa ndege, ko, ko, ko, rubani msaidizi wangu anasoma Baba Yetu kwa sauti, mimi nasoma Ayatul Kursiyy. Dini zote zilikuwa kazini humo ndani.

Majeruhi walikuwa kumi, na nafasi ni tisa kwa kubanana. Tulikuwa bondeni, ndege nzito, injini imechoka. Ukiongeza mtu mmoja ndege hainyanyuki, na isiponyanyuka tumekufa wote. Fundi wetu aliyekuwa nyuma anapakia watu akanipigia kelele, "Afande, mmoja abaki! Nani?"

Jamani, hilo swali ndilo lililonila.

Nikageuka. Katika wale kumi alikuwemo mwenzangu. Mimi mtu wa Mkongo, yeye wa Mohoro. Hapa nyumbani tungeweza kuishi tusijuane, lakini kule mbali mtu wa Mkongo na mtu wa Mohoro ni watoto wa tumbo moja. Tulikula sahani moja miaka minne. Alikuwa amepigwa risasi ya paja, damu inatoka, amelifunga kwa mkanda wake mwenyewe. Ubavuni pake alikuwa askari mwingine, wa mkoa wa mbali, amejeruhiwa mkono, anasimama, anatembea. Kwa haki ya majeruhi, ndugu zangu, wa kungoja alikuwa yule wa mkono. Hata fundi alishamnyooshea kidole yeye. Mimi nikasema, "Huyo wa mkono apande. Wa kwetu abaki."

Mtaniuliza kwa nini. Nimejiuliza hilo kuliko nilivyowahi kujiuliza jambo lolote. Niliogopa maneno. Siku zile kumpendelea wa kwenu lilikuwa jambo la aibu kubwa, tulihubiriwa asubuhi na jioni, na wale askari wengine walikuwa wananitazama, wanajua huyu ni wa kwao, wanangoja waone rubani atafanyaje. Halafu kuna malezi. Kwetu chakula kikiwa kichache, mgeni ndiye anayenawa kwanza. Mwenyeji anasema "mie nimeshakula," na tumbo linamsokota. Basi mimi nikamfanya mwenzangu mwenyeji, pale katikati ya migomba ya watu, damu inamtoka.

Nikatoa kichwa dirishani nikamwambia, "Ngoja kidogo. Naja."

Wenyeji mnalijua neno hilo. Wageni walioolewa huku niwaeleze. Sisi mtu akiondoka hasemi nakwenda. Anasema naja. Anatoka barazani anafunga safari mpaka Ikwiriri, anasema naja, na waliobaki wanaridhika. Ndiyo namna yetu ya kumwambia mtu kwamba kuondoka kwangu si kukuacha.

Injini ilikuwa inanguruma, lakini mdomo wa mtu wa kwenu unausoma hata kwenye kelele. Akaniinulia mkono, akasema, "Haya. Mie nipo."

Nipo! Kama mtu aliyepita mlangoni kwako kuuliza "upo?" ukamjibu kutoka ndani. Nikaruka.

Sikurudi. Nilipotua hospitali ya kambini, fundi alikuta tangi limetobolewa, mafuta yanachuruzika, akaizuia ndege isiruke tena. Niligombana naye, nikamkaba koti, haikusaidia. Nilipopata ndege nyingine zilikuwa zimepita saa nne. Nikazunguka juu ya shamba lile mara tatu. Migomba imelala chini, moshi, hakuna wa kuniambia yupo. Jeshi letu lilipopachukua tena siku ya tatu, walimkuta chini ya mgomba, palepale nilipomwacha, chupa ya maji mapajani, amegeuza uso kule ndege ilikoelekea.

Katika taarifa yangu niliandika: majeruhi wote niliowapakia wamefika salama. Ni kweli tupu. Wote tisa walifika. Lakini karatasi ikipita meza nyingi inapungua maneno. Baada ya vita tulisimamishwa marubani watatu uwanjani, bendi inapiga, tuvishwe nishani za ushujaa. Akatokea afisa na karatasi yake, akasoma kwamba rubani huyu, chini ya risasi za adui, aliwaokoa majeruhi wote, hakumwacha hata mmoja.

Hakumwacha hata mmoja. Ndugu zangu, nilikuwa na mdomo. Ningeweza kusema, afande, hapo pana kosa, alibaki mmoja. Nikanyamaza. Nikapiga saluti. Yule askari wa mkono alikuwa mstari wa mbele, analia, anapiga makofi kwa mkono wake mmoja kwenye paja. Picha ya siku ile ninayo, nimesimama nimenyooka, na ukiniangalia vizuri macho yananicheza.

Hilo ni kosa la kwanza, na lilikuwa la karatasi. La pili lilikuwa la kwangu mwenyewe.

Nilipopewa likizo nilikwenda Mohoro kuhani. Mama yake alinipokea kwa mkeka na maji ya kunywa. Mwanamke mwembamba, mweusi, mjane, ana mtoto mmoja na huyo ndiye aliyekufa. Akaniuliza swali moja tu, "Mwanangu, wewe ulikuwa huko. Ulimwona?"

Nikasema, "Sikumwona, mama. Alikuwa kikosi kingine."

Akasema, "Haya." Akanipikia wali na kambale. Nikaula, na tangu siku ile wali wa Mohoro haujanipita kooni vizuri.

Mngedhani atanisahau. Wapi! Kila mavuno akawa ananitumia mchele mpya, ananifungia kwenye kikapu, anampa dereva wa lori au mtu yeyote apitaye, "Mpelekeeni mwanangu wa jeshini." Nilikuwa naupokea, nashukuru, nawagawia watu. Na nilipoacha jeshi nikarudi nyumbani nikawa nauacha kwa mama muuza gongo, nipewe chupa. Ndiyo, nimesema. Mchele wa mama yake. Anayetaka kuniguna anigune sasa, nitangoja.

Basi. Nilirudi nyumbani miaka ile ya ruksa. Jeshini tulipunguzwa, nchi ikafunguliwa, kila kitu ruksa. Maduka ya hapa Kibiti yaliyokuwa na vumbi na kiberiti yakajaa redio na sabuni za kunukia. Marundo ya mitumba yakafika mpaka Mkongo, na ndani yake mlikuwa na makoti ya majeshi ya nchi nisizozijua. Ghafla kila kijana kando ya barabara amevaa koti la vita lenye vyeo begani. Mie mwenye nishani natembea na shati limetoka kola, nampisha njia muuza samaki mwenye nyota tatu.

Wakaanza kunitania. "Rubani, ndege imetua wapi leo?" Na kweli nilikuwa natua popote, mtaroni, kwenye miguu ya mikorosho, mlangoni mwa msikiti siku moja, tena Ijumaa. Mke wangu alivumilia. Alikuwa ananiuliza, "Kuna nini, baba watoto? Una nini na huo mchele?" Mie kimya. Siku aliyofunga mizigo kurudi kwao Mtawanya alisema, "Ningekuwa nimeolewa na mlevi ningejua la kufanya. Nimeolewa na mlango uliofungwa." Mnamwona pale nyuma anavyocheka sasa. Siku ile hakucheka.

Shehe wetu ndiye aliyeniokota. Hakunihubiria sana. Nilimweleza nusu ya jambo, nimemfanya mtu fulani hivi, nimetubu kwa Mungu usiku na mchana na moyo hautulii. Akaniambia, "Deni la Mungu umeshalipeleka. Hilo lililobaki ni haki ya mja. Mungu hakusamehei kitu cha mwenzio, nenda kwa mwenyewe." Nikasema nitakwenda. Sikwenda. Unajua mtu alivyo, njia ya kwenda kunywa huioni urefu, njia ya kwenda kuomba radhi kila hatua ina mwiba.

Kwa kuwa sikwenda, akaniita mama mwenyewe. Alikuja kijana wa lori na salamu. Mama yako wa Mohoro amesikia habari zako, anasema ana shamba la mpunga bondeni na nguvu zimemwisha, njoo umsaidie kuamia ndege.

Jamani, chekeni tu, mimi pia nimeshacheka. Mtu aliyerusha ndege, nakwenda kufukuza ndege! Lakini sikuwa na pa kula. Nikaenda.

Mnajua maisha ya dungu, wengi mmelelewa humo. Kwa wageni, ni kibanda cha miti juu ya nguzo ndefu katikati ya mpunga, unapanda kwa ngazi, unalala humo msimu mzima unalinda shamba dhidi ya ndege, nguruwe na viboko, na mto ukifurika maji yanapita chini yako. Yeye dungu lake, mimi langu, hatua kama mia. Alfajiri ananiita, "Mwanangu, upo?" Mie najibu, "Nipo, mama." Kila asubuhi ananiita kwa neno lile, hajui anachokifanya. Gongo sikuonja, maana bondeni halipatikani, na mikono ikaacha kutetemeka. Kila jioni nikasema nitamwambia kesho.

Kisha zikaja zile mvua kubwa. Mafuriko tumeyazoea, sisi tunakula kwa mafuriko, maji yasipokuja ndipo tunalia. Yale hayakuwa ya kawaida. Siku ya kwanza yalifunika mpunga. Siku ya pili yalipanda ngazi. Madungu mawili ya jirani yaling'oka na kwenda, wenyewe wakaruka kwenye mtumbwi. Nikaogelea mpaka kwake, nikamtoa, na majirani wakatupitisha kwa mtumbwi mpaka kwenye kichuguu kikubwa kilichobaki juu ya maji, kipana kama nusu ya chumba hiki. Tulikuwa watu kumi na mmoja hapo, wengi wanawake na watoto, na mbuzi mmoja. Mwenye mtumbwi akaenda kutafuta wengine, hakurudi.

Adhuhuri nikasikia sauti ile. Kabla ya mtu mwingine, mie nilishaijua kifuani. Helikopta. Ilikuwa inakwenda kwenye dungu lililobaki upande wa pili, ambalo halina mtu, inashuka. Rubani kijana, nikaona namna anavyoshuka. Upepo wa yale mapanga ukaliangusha dungu lile palepale. Nikajua akija kwetu hivyohivyo atatupeperushia watoto majini. Nikamwambia mama, "Nipe kanga yako moja." Akanipa. Nikasimama ncha ya kichuguu nikaanza kumwelekeza kwa mikono, kama tulivyofundishwa. Njoo huku, upepo uwe usoni. Simama. Shuka. Polepole. Miaka mingi sijafanya, mikono ilikumbuka. Wanawake nimewalaza chini, watoto wamelaliwa. Akaegesha mguu mmoja wa ndege kwenye udongo, mwingine hewani. Kijana hodari, nilimwonea fahari.

Askari wa nyuma akaanza kuwavuta watu. Watoto, mama zao, mmoja mmoja. Tisa. Akahesabu, akatazama mbele kwa rubani, rubani akatikisa kichwa. Tumebaki mimi na mama. Yule askari akainama, akapiga kelele kwenye sikio langu, "Mzee, wewe na bibi ngojeni kidogo. Naja!"

Neno lilelile, ndugu zangu! Nilikaa chini kwenye matope. Ndege ikaondoka, ikapotea upande wa Mohoro, tukabaki na mvua na yule mbuzi.

Mama akanitazama. "Mbona umekaa matopeni? Kasema anakuja."

Maji yalikuwa yameshagusa kanga yake. Nikawaza, huyu nikifa naye hapa leo bila kusema, nitamkuta mwanawe huko nimwambie nini? Nikasema, "Mama, nilimwona."

"Ulimwona nani?"

"Mwanao. Siku uliyoniuliza. Nilimwona. Mimi ndiye niliyemwacha."

Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi. Kumi, na nafasi tisa. Paja na mkono. Niliogopa maneno ya watu. Nikamwambia naja, akaniambia haya, mie nipo. Sikurudi. Nishani wakanipa ya kutomwacha mtu. Mchele wako niliunywa, mama.

Hakulia. Alinipiga. Kofi moja, kwa mkono uliolowa mvua, usingedhani ni wa mwanamke mzee. Kisha akasema, "Kumwacha, umemwacha vitani, na vitani watu wanaachwa. Lakini hilo neno! Miaka yote hii neno la mwisho la mwanangu unalo wewe, unalilalia, mie mama yake sinalo!"

Nikasema nisamehe.

"Nyamaza kwanza. Lirudie. Alisemaje?"

"Alisema, haya, mie nipo."

"Kwa sauti gani?"

Nikamwigia. Nikainua mkono kama yeye. Akaniambia nirudie tena. Nikarudia mara nne, tano, kwenye mvua ile, maji yanapanda, hata mbuzi akawa ananishangaa. Ndipo akalia. Alilia mpaka akachoka, kisha akasema polepole, "Mie nilikuwa nadhani alikufa ameachwa. Kumbe alikufa anangoja mtu. Hayo si mamoja, mwanangu." Akafuta uso kwa kiganja. "Na hilo la wageni kwanza, nilimfundisha mimi. Alikuwa na miaka sita nikimnyang'anya kipande cha samaki nimpe mpita njia. Asingepanda hata ungemvuta."

Sikujua kama ananisamehe au anajisamehe mwenyewe. Sijui mpaka leo. Nilijua tu kwamba kifuani pamekuwa pepesi, na kwamba ninaogopa kufa, kitu ambacho kwa miaka mingi sikukiogopa.

Helikopta haikurudi. Mawingu yalishuka mpaka kwenye maji, hakuna rubani ambaye angeruka. Nilijua, nikamwambia mama, "Yule kijana hatakuja leo, na si kosa lake." Akasema, "Basi tungoje wengine." Kabla ya magharibi walitokea wavuvi wawili kwa mtumbwi mkubwa, wametusikia tunaimba kasida. Yeye ndiye aliyeimba, mie nilikuwa naitikia. Mbuzi pia alipanda.

Sasa sikilizeni hili, ndilo lililonileta mbele yenu.

Kesho yake mvua ilikatika kidogo. Tulikuwa Mohoro, kwenye shule, watu wamejaa madarasani. Helikopta ikatua uwanjani. Yule rubani kijana akashuka mbio, kofia mkononi, hajanyoa, macho mekundu. Anapita darasa kwa darasa, anauliza, "Kuna mzee mmoja na bibi, walikuwa kwenye kichuguu, aliyekuwa ananiongoza kwa kanga, mmewaona?" Watu wanatikisa vichwa. Alikuwa ameshakwenda alfajiri kwenye kichuguu. Alikuta maji tu. Nilimtazama nikiwa mlangoni, nikaiona sura yangu mwenyewe, ile iliyozunguka juu ya migomba mara tatu.

Nikabaki nimeshika mlango. Mama akanisukuma mgongoni. "Mjibu. Anakuuliza."

Nikatoka nje, nikainua mkono. Nikasema, "Kijana, mie nipo."

Alisimama. Halafu akanijia akaniangukia, mtu mwenye vyeo, mbele ya wanafunzi na mbele ya askari wake, analia, anasema, "Mzee, nilisema naja, mzee, nilisema naja." Mie nampigapiga mgongo, namwambia tulikungoja, tulijua, hukutuacha. Na nilipokuwa namwambia yeye, ndugu zangu, nilikuwa najisikia ninaambiwa mimi.

Baadaye nilikwenda kambini na ile nishani nikitaka kuirudisha. Afisa mmoja mpole alinisikiliza mpaka mwisho, akasema jalada limefungwa na nishani hairudishwi, mzee, kanywe chai. Nikampelekea mama. Aliigeuzageuza kwenye kiganja chake, akasema, "Ivae. Uliwaleta watoto tisa wa watu kwa mama zao. Lakini anayekuuliza mwambie kweli." Kwa hiyo siku za sherehe mnaniona nimeivaa, na mtoto akiniuliza umepewa kwa nini, namjibu niliwabeba tisa, alibaki mmoja.

Gongo sijaligusa tangu kichuguu kile. Mke wangu alirudi baada ya mavuno mawili, si kwamba nilimwomba vizuri, ila alisikia nimeanza kuongea akaja kuhakikisha. Mama alitutoka mwaka uliopita kitandani kwake, nami ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea, kama mwanawe. Siku zile za mwisho alikuwa ananiita mara kwa mara, "Upo?" Sikuwahi kukosa kumjibu.

Nawashukuru. Namshukuru shehe aliyeniambia haki ya mja. Nawashukuru wavuvi wale wawili, mmoja yumo humu anajifanya anatazama dirisha. Namshukuru mke wangu, na yule kijana rubani popote aliko. Na nawashukuru ninyi mliokuwa mnanitoa mtaroni na kunilaza kwa ubavu nisije nikapaliwa, hata wale wawili.

La kuwaachia ni dogo. Humu ndani wamo askari, na wamo mama na wajane ambao hawajui mtu wao alisema nini mwisho. Wewe uliyekuwepo, unalo hilo neno. Unadhani unawahurumia kwa kulificha. Si lako. Lina mwenyewe, yuko hapa amekaa kwenye benchi anangoja, pengine anakutumia mchele. Mpelekee. Atakupiga kofi, na kofi litapoa.

Nimemaliza, mwenyekiti, sasa nipe kile kiti. Namwona mmoja amekuja hapa mara tatu, kila mara anafungua mdomo anaufunga. Simtaji. Mwenzangu, ukiwa tayari simama, na usipoweza leo hatutaondoka upesi. Mie nipo.